Kuvuka kwenda Ngazija: msafara mkubwa, boti mbili tatu, au boti moja peke yake?

Kusi likianza kulegea, kuanzia Septemba hivi, boti za matanga za wageni huonekana moja moja kwenye ghuba ya Mikindani. Hutia nanga ndani, mbele ya mji, ambako maji hutulia hata nje kukiwa kumechafuka. Hazipiti siku mbili, maswali yanaanza pwani: nani anaijua njia ya Komoro, nani anaweza kukaa zamu ya usiku, nani ana pasipoti. Kijana aliyekulia kwenye mashua, awe wa Mikindani, wa Shangani au wa Lindi, akisikia hivyo usingizi unamruka.

Mwaliko wenyewe lakini huja kwa sura tatu. Yupo anayekuita kwenye msafara mkubwa wa kulipia, boti makumi kwa makumi zinazong'oa nanga siku moja. Wapo wanaokwenda kikundi, boti mbili hadi nne, waliojuana bandarini wakaamua kuvuka pamoja. Na yupo mwenye boti yake moja anayetaka watu wawili wa kumsaidia, aondoke keshokutwa. Kwa mtu aliye nchi kavu zote hizo ni kuvuka bahari tu. Ukishafika maji makuu ni safari tatu zisizofanana, na kosa la kuchagua vibaya huligundui mpaka Msangamkuu imeshapotea nyuma yako.

Nawaandikia wanaoombwa kupanda, na wenzetu wachache ambao sasa wana boti zao. Jibu langu nalitoa mapema. Kwa njia ya Mtwara kwenda Komoro, mtu anayevuka mara ya kwanza namshauri aende na boti mbili au tatu zenye mwendo unaolingana. Zikiwa hazilingani, ni afadhali apande boti moja iliyo nzima, iende peke yake. Msafara mkubwa ni shule nzuri sana, ila haupiti kwetu.

Njia yenyewe

Mikindani hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, ni maili za baharini 200 hivi, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukishika noti 5, yaani maili tano kwa saa, hizo ni saa 40. Maore (Mayotte) ni kama maili 330, na Nosy Be kule Madagaska ni zaidi ya 500. Hesabu hizi ni za mstari ulionyooka, na chombo cha matanga hakiendi hivyo kila siku.

Ngazija iko mashariki kwetu, imeinamia kusini kidogo. Kusi nalo linatoka kusini-mashariki. Ukitoka Juni au Julai unakwenda joshi, yaani kuukabili upepo, unapiga bisho kulia na kushoto mchana kutwa na usiku kucha, maji yanaruka juu ya omo, mbele ya chombo, na kila kitu chumbani kinalowa. Kisha kuna mkondo. Mkondo mkubwa unaokuja magharibi kutoka kati ya Bahari ya Hindi hufika pwani hii karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika: tawi moja linashuka upande wa Msumbiji, jingine linapanda kaskazini, linapita mbele ya Mtwara na Lindi kuelekea Mafia, Unguja na Kenya. Sisi tumekaa hasa pale unapogawanyika. Mkondo wa noti 2 ukikusukuma saa 24, umekutoa maili 48 nje ya njia yako hata kama hukuuona kwa macho.

Kwa hiyo wengi husubiri Oktoba na Novemba, kusi limechoka, matlai inavuma kidogo, na sehemu ya njia wanakwenda kwa injini. Kaskazi likishaanza, upepo unakuja ubavuni na chombo kinakwenda vizuri, lakini hapo umeshaingia miezi ya vimbunga, Novemba hadi Aprili. Kurudi Mtwara ni kuteremka tu: kusi liko nyuma ya bega, mkondo unakusaidia.

Nimeeleza upepo kwa kirefu kwa sababu ndio unaoamua kama kikundi kitadumu. Boti mbili zinazoteremka na upepo nyuma zinaweza kufuatana hata kama moja ni ya zamani na nyingine mpya. Zikianza kupanda joshi, tofauti inajitokeza saa hiyohiyo. Yenye mkuku mrefu (uti wa chini wa chombo) na matanga mazima inakata upepo. Yenye matanga yaliyolegea inakwenda upande kama kaa. Njia ya kwenda Komoro ni ya kupanda, na kikundi kilichotoka Zanzibar hadi Mikindani bila shida kinaweza kuvunjika siku ya kwanza tu baada ya Mikindani.

Msafara mkubwa: shule iliyo mbali

Unaojulikana zaidi duniani ni ARC, msafara wa kuvuka bahari ya Atlantiki, ulioanza mwaka 1986. Siku hizi hutoka Las Palmas, visiwa vya Canary, kila Novemba hadi Saint Lucia katika Karibi, maili 2,700 hivi, na miaka mingi boti hupita 200. Upo pia wa kuzunguka dunia, World ARC, wa miezi 15 hivi. Huo ukiingia Bahari ya Hindi hupita Mauritius na Réunion, kisha hushuka Afrika Kusini. Mtwara haumo.

Uzuri wake ni mwingi, na nausema kwa heshima. Kabla ya kuondoka boti hukaguliwa: boti ya kujiokolea, majaketi, fataki za dharura, redio, mishipi ya kujifungia. Asiyetimiza hutimiza, au haondoki. Kuna mafunzo, kuna mafundi, kila boti ina kifaa kinachoonyesha ilipo, na ndugu nyumbani wanaifuata kwenye simu. Kijana wetu akipata nafasi ya ubaharia huko atajifunza kwa mwezi mmoja mambo ambayo hapa angeyaokota kwa miaka mitano. Gharama ni ada ya mwenye boti, ndege ya kwenda na kurudi, na viza ya Ulaya kwanza. Kwa wengi wetu mlango unafungwa hapo kwenye viza.

Jambo moja tu kuhusu misafara hiyo lifahamike. Waliovuka humo husema kuwa baada ya siku mbili au tatu hawaoni tanga la mtu. Boti mia mbili, na bahari tupu pande zote. Ukubwa wa kundi haukufanyi uwe karibu na mwenzako.

Usiku wa kwanza

Tuhesabu. Boti moja inakwenda noti 6, nyingine noti 5. Tofauti ni noti moja, mtu anatembea kwa miguu haraka kuliko hiyo. Saa 24 zikipita ziko maili 24 mbali. Redio ya VHF, ile ya masafa mafupi ya vyombo vya baharini, antena ikiwa juu ya mlingoti kwa boti zote mbili, husikika maili 15 hadi 20 hivi. Redio ya mkononi ni chache zaidi, kama maili tatu hadi tano. Kesho yake asubuhi hamuonani, hamsikiani, na hakuna aliyeamua kumwacha mwenzake. Kikundi kimekwisha chenyewe.

Nitaeleza yaliyotupata. Tulikuwa boti mbili, mwishoni mwa Oktoba. Yetu ilikuwa ya futi 38, nahodha ni mama mtu mzima wa Kifaransa, sote tukimwita Mama. Ya pili ilikuwa ya futi 34, boti kuukuu aliyoinunua kaka mmoja wa Lindi na kuikarabati mwenyewe kwa miaka mitatu. Tulikubaliana kuitana redioni kila baada ya saa nne: chaneli 16 kwa kuitana, halafu tunahamia 72 kwa mazungumzo. Tuliridhika tukaondoka na maji ya alfajiri.

Saa mbili usiku akajibu, salama. Saa sita akajibu, salama. Saa kumi mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nikaita. Kimya. Nikaita tena, nikasubiri, nikaita 72, nikarudi 16. Sikuona taa yake nyuma. Upepo ulikuwa umekufa karibu wote, tanga linapigapiga, na sauti ile ya tanga tupu ikaanza kunikera kuliko kawaida. Nikamwamsha Mama.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tulipanga saa za kuitana, lakini hatukupanga la kufanya mtu asipojibu. Tusubiri? Kwa muda gani? Tugeuze? Tukigeuza na yeye amepita ubavu mwingine, tunazidi kuachana. Mama alisubiri dakika 40, akageuza. Tulirudi nyuma kwa injini saa moja na nusu, mkondo ukitutoa kaskazini, na kulipopambazuka tukaliona tanga lake jeupe, dogo kama jino, kusini ya pale tulipodhani atakuwa.

Injini yake ilikuwa imezimika tangu saa nne usiku. Dizeli ilikuwa na uchafu, chujio zikaziba. Injini haizunguki, betri haipati chaji, na betri ile ndiyo inayoendesha usukani wa kujiendesha, taa na redio. Ikafika saa tisa akazima redio ili taa ya mlingoti isizimike, ikazimika hata hivyo. Saa sita usiku alipotujibu "salama" alikuwa ameshakwama saa mbili nzima. Baadaye aliniambia, "Mdogo wangu, nilijua nikisema mtageuza. Niliona haya."

Haya hiyo naihesabu kuwa hatari kubwa kuliko chujio lililoziba. Mtu aliye peke yake hana wa kumwonea haya, injini ikizima anakabiliana nayo papo hapo. Mtu aliye kwenye kikundi huficha asiwacheleweshe wenzake, na tatizo dogo la saa nne usiku linakuwa kubwa saa kumi. Dawa yake tumeiona ni moja: katika kuitana usiulize "salama?", kwa sababu jibu lake ni salama siku zote. Uliza vitu. Betri ngapi? Injini ilizunguka saa ngapi? Maji kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, yako kiasi gani? Nani yuko zamu? Mtu hudanganya salamu kwa urahisi, lakini ni vigumu kudanganya namba.

Sasa upande wa pili wa hadithi hiyohiyo. Kwa nini bado nakipenda kikundi? Kwa sababu asubuhi ile tulimpa dumu mbili za dizeli safi na chujio nne, na saa tano baadaye injini yake ilikuwa inazunguka.

Kumpa kwenyewe kunahitaji akili. Huwezi kumsogelea ubavu kwa ubavu baharini hata kukiwa shwari. Mawimbi makubwa ya mbali hayaishi, boti moja inalala kulia nyingine kushoto, na milingoti hugongana juu kabla mbavu hazijagusana chini. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo dumu lililofungwa vizuri huelea. Tulifunga dumu mbili kwenye kamba ya mita 50, chujio tukazitia kwenye ndoo yenye kifuniko tukaizungushia mfuko wa nailoni, na mwisho wa kamba tukafunga boya la rangi ya chungwa. Tukapita mbele yake taratibu, upande wa juu wa upepo, kamba ikiburuta nyuma yetu, kisha tukaiachia. Yeye hakufanya kitu zaidi ya kusubiri boya limfikie na kulinasa kwa kulabu. Kama angekuwa peke yake angepandisha tanga asubiri upepo, na huenda angefika salama siku moja baadaye, au huenda mkondo ungemfikisha Kilwa.

Zamu haigawanywi kati ya boti

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu halina ubishi. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini zinataka kila chombo kiweke mtu wa kuangalia wakati wote. Kila chombo. Kwenye kikundi watu hulegea: "si wale wako mbele, wataona." Tangu mwisho wa 2023, kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi kubwa zimekuwa zikizunguka Afrika. Meli inayokwenda noti 18 ikitokeza kwenye upeo wa macho inaweza kuwa juu yako kwa dakika 20. Boti za watu watatu, saa tatu zamu na saa sita kulala, hufika zikiwa na watu wenye akili timamu. Za watu wawili, siku ya pili wanaanza kuona taa zisizokuwapo. Ukialikwa, uliza kwanza mko wangapi ndani ya boti, ndipo uulize boti ngapi.

Kikundi hakizuii upepo

Agosti 1979, boti 303 zilikuwa kwenye mashindano ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ayalandi. Tufani iliwakuta wote pamoja, na mabaharia 15 wa mashindano hayo walikufa. Boti 24 ziliachwa na watu wake, na 19 kati ya hizo zilikutwa baadaye zikielea. Mzee wa jahazi hapa Mikindani nilipomsimulia hilo hakushangaa. Alisema chombo kikiwa juu ya maji kaa nacho, ukipanda boti ya kujiokolea iwe unapandia juu, mguu unatoka kwenye maji.

Kwetu mtu asidhani tuko nje ya mambo haya. Lindi ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952. Kenneth, kimbunga kingine, Aprili 2019, ilipita kaskazini kidogo ya Ngazija tarehe 24, na jioni ya tarehe 25 ilikuwa imeshaingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Yaani ilivuka maji haya tunayoyazungumzia kwa siku moja hivi, njia ambayo boti yetu huichukua saa 40. Hidaya ya Mei 2024 ilikuja wakati watu wameshahesabu kwamba msimu umekwisha, na mafuriko yake yakakata barabara ya kusini.

Hapa kikundi kinaweza kukudhuru. Chenye tarehe huwa na haraka. Mmoja amekata tiketi ya ndege kutoka Moroni, mwingine viza yake inakwisha, wa tatu ameshawaambia ndugu. Nimewahi kushuhudia kikundi kikiondoka Ijumaa kwa sababu ilipangwa Ijumaa, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukiwa umeshatoa onyo la upepo mkali na mawimbi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tusiende. Walirudi usiku ule, mmoja tanga limechanika toka juu hadi chini. Nahodha wa boti moja angeangalia mawingu, angekunywa chai yake, akalala.

Ndiyo maana suala la nani anaamua nalipa uzito. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na vyombo vitatu vyenye manahodha watatu ni hivyohivyo. Utaratibu niliouona ukifanya kazi ni huu: kuondoka kunahitaji wote wakubali, kurudi kunahitaji mmoja tu. Nahodha yeyote akisema "mimi narudi", hahojiwi redioni, wala habembelezwi, na boti iliyo karibu naye inamsindikiza. Kundi lisilokubali sharti hilo mimi sipandi boti yake.

Hofu ya watu

Kwa hatari inayotoka kwa binadamu, kikundi kina faida ambayo haina mbadala. Oktoba 2009 wanandoa wa Kiingereza walitoka Shelisheli wakija huku Tanzania na boti yao Lynn Rival, peke yao. Walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakaachiwa Novemba 2010. Februari 2011 boti ya Wamarekani, Quest, ilikuwa kwenye msafara, ikaachana na wenzake ili ichukue njia yake. Ilitekwa nje ya pwani ya Omani na watu wote wanne waliokuwamo wakauawa.

Hali ilitulia baadaye, hadi tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli yakaifuta Bahari ya Hindi kwenye eneo lao la hatari kubwa. Mwaka huohuo haujaisha, Desemba, meli ya mizigo Ruen ikatekwa. Huko ni kaskazini mbali na njia ya Ngazija, na simtishi mtu. Kinachotuhusu zaidi ni upande wa kusini: tangu Oktoba 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, na Palma, iliyo karibu kabisa na Ruvuma, ilishambuliwa Machi 2021. Ukitoka Mtwara usifuate pwani kuteremka kusini hata kama upepo unakushawishi. Chukua mashariki kwanza, utoke mbali, ndipo uinamie Ngazija. Hili ni kwa boti moja na kwa boti kumi.

Boti moja peke yake

Nisionekane naidharau. Babu zetu wa majahazi walikwenda Ngazija na Nosy Be na chombo kimoja, bila redio. Boti moja inaondoka siku inayofaa. Inakwenda mwendo wake. Nahodha akitaka kupunguza matanga mapema anapunguza, haogopi kuachwa. Na hakuna taa ya mwenzako ya kukimbizana nayo usiku, jambo ambalo limewafanya watu wengi wabebe matanga makubwa kuliko upepo.

Bei yake ni kwamba msaada uko mbali. Kila boti inayovuka inatakiwa iwe na EPIRB, kile kifaa kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, kimesajiliwa kwa jina la boti hiyo na si la mwenyewe wa zamani. Ishara ikitoka upande wetu inashughulikiwa na kituo cha uratibu wa uokoaji Dar es Salaam, chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Lakini kati ya Mtwara na Ngazija anayeweza kukufikia mapema mara nyingi ni meli ya mizigo iliyo karibu, na meli ndefu kama uwanja wa mpira kumpandisha mtu kutoka kwenye boti ya futi 34 ni kazi ya kutisha. Boti mwenza iliyo maili tano nyuma yako haina mfano kwa hilo.

Kwa hiyo kwa boti ya peke yake sharti langu ni watu watatu wenye uwezo, injini na umeme usiotegemeana kwa kila kitu (paneli ya jua inatosha kuiweka redio hai), na kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe kwa mtu mmoja aliye nchi kavu anayejua la kufanya ukichelewa.

Kabla hujapanda, iwe boti moja au kumi

Jina lako liwe kwenye orodha ya mabaharia inayopelekwa Uhamiaji na forodha bandarini Mtwara. Usikubali kuchukuliwa "kwa mashua" nje ya ghuba baada ya boti kukamilisha karatasi. Utakuwa umetoka nchini bila kutoka, na Moroni utakuwa umeingia bila kuingia. Kikundi huchelewesha jambo hili, boti tatu ni karatasi mara tatu na foleni moja, tenga siku nzima. Ulizia viza mapema. Makubaliano ya nauli ya kurudi yaandikwe: nahodha analipa ndege, au unarudi na boti, au unabaki Maore? Wapo vijana wetu walioachwa kwenye gati la kigeni na begi mgongoni kwa sababu hilo halikusemwa Mikindani.

Omba pia kukaa nao siku mbili ndani ya boti kabla ya kuondoka. Fungua kifuniko cha ngama uangalie. Uliza chujio za akiba ziko wapi, na ni ngapi. Nahodha anayekasirikia maswali hayo bandarini usimtarajie atayajibu usiku wa manane.

Mkishachagua kikundi, kaeni mezani mwandike. Sisi safari ya pili, boti zilezile mbili, tuliandika kwenye karatasi moja: mwendo ni wa boti ndogo, noti 4 na nusu, na kubwa ndiyo itakayopunguza tanga. Kuitana ni kila saa tatu, kwa namba. Asipojibu, dakika 30 za kuita chaneli 16. Zikiisha, aliye mbele anapunguza mwendo na kugeuza, aliye nyuma hageuzi kamwe, anashika dira ileile ili apatikane. Umbali usizidi maili tano usiku, wala usipungue nusu maili. Mahali pa kukutana tukipoteana ni maili kumi kaskazini ya Ngazija, si bandarini, kwa sababu mlima Karthala wenye mita 2,361 huonekana mbali asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na kila mmoja anaweza kuufuata bila chombo chochote cha umeme. Mwisho tukaandika nani atampigia nani nyumbani, namba za Mikindani na za Lindi. Nakala moja ikabandikwa ukutani kando ya redio katika kila boti, na kaka yule wa Lindi akaongeza kwa kalamu chini ya yake: "Nikikwama nitasema saa ileile."